Rushwa ya Maji Huonekana Kwenye Dira Kabla ya Kufika Mahakamani

Ndugu wajumbe wa bodi, wahandisi, wahasibu, mafundi bomba, wasoma dira (mita za maji), na ninyi wawakilishi wa watumiaji maji,

Tumezoea kuizungumzia rushwa kwa lugha ya tabia: uaminifu, uzalendo, hofu ya Mungu. Lugha hiyo ina mahali pake. Leo tunaomba tuzungumze kwa uniti, kilo na milimita, kwa sababu huduma ya maji ina bahati ambayo idara nyingi za umma hazina: kinachoibwa humu kina uzito na ujazo. Maji yakisukumwa yanakula umeme. Yakisafishwa yanakula shabu na klorini. Yakichepushwa, presha inashuka mahali fulani. Mtu mmoja anaweza kughushi daftari lake, lakini ni kazi ngumu kulifanya daftari la pampu, ankara ya umeme, kadi ya stoo ya dawa na orodha ya ankara za wateja vikubaliane vyote katika uongo mmoja. Tatizo letu ni kwamba nyaraka hizo nne hukaa katika ofisi nne, na hakuna anayeziweka mezani pamoja.

Chukueni mtambo unaozalisha uniti 10,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 10,000. Wateja wanatozwa uniti 6,000. Taarifa ya mwezi itaandika upotevu wa asilimia 40, na pembeni itatajwa sababu: uchakavu wa mabomba. Hayo ndiyo maficho bora kuliko yote, kwa kuwa yana ukweli ndani yake. Mabomba yanavuja kweli. Ila uvujaji hupimika, na usipopimwa, kila kinachoibwa hutwishwa mabomba.

Kipimo chenyewe hufanyika usiku. Tenga eneo moja la mtandao kwa kufunga vali za mipakani, weka dira kubwa kwenye bomba linaloingiza maji, kisha soma mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku. Watu wamelala, sehemu kubwa ya kinachopita saa hizo ni uvujaji. Tuseme eneo lina wateja 1,000 na saa hizo zinapita uniti 12 kwa saa. Matumizi halali ya usiku tuyakadirie lita 2 kwa mteja kwa saa, jumla uniti 2. Zinabaki 10. Mchana presha hushuka na uvujaji hupungua nayo, kwa hiyo usizidishe kwa 24. Zidisha kwa 20 hivi, upate uniti 200 kwa siku. Sasa kama eneo hilo linapokea uniti 900 na kutozwa 400, zimepotea 500. Mabomba yamekunywa 200. Zile 300 zimepita mikononi mwa watu: maunganisho yasiyosajiliwa, mabomba ya kukwepa dira, dira zilizokufa, usomaji wa uongo.

Tahadhari moja hapa, maana kipimo hiki kikikosewa huwasingizia wasio na hatia na kuwaficha wenye nayo. Mahali penye mgao, nyumba hujaza matenki usiku maji yanapofika, na mtiririko wa saa tisa utaonekana kama uvujaji mkubwa. Wapeni wakazi wa eneo hilo maji mfululizo siku kadhaa kabla ya kupima, matenki yajae kwanza. Pia hakikisheni kwamba vali za mipakani zimefunga kabisa. Vali moja inayopitisha maji kwa siri huharibu hesabu yote.

Kisha tazameni umeme. Kuinua uniti moja ya maji mita 80, msuguano wa bomba ukiwa umejumlishwa humo, kwa pampu na mota zenye ufanisi wa pamoja wa asilimia 70, kunahitaji takriban uniti 0.31 za umeme. Uniti 10,000 za maji zinadai kama uniti 3,100 za umeme. Ikiwa ankara ya umeme inasema 3,100 na daftari la mtambo linasema maji yaliyotoka ni 8,000, kuna mambo matatu tu: pampu imechoka, dira ya mtambo imekosea, au maji yanatoka kabla ya kufika kwenye dira. Mawili ya kwanza fundi mwenye dira ya kubebeka ya mawimbi ya sauti huyathibitisha au kuyaondoa kwa siku moja. Panapotumika jenereta ya dizeli, lita moja hutoa takriban uniti 3 hadi 3.5 za umeme. Daftari linaloonyesha lita 1,500 kwa kazi ya lita 1,000 linastahili maswali siku hiyohiyo, si mwisho wa mwaka wa fedha.

Klorini nayo ina hesabu yake, na hii ndiyo inayotuumiza zaidi kuitaja. Dozi ya miligramu 2 kwa lita katika uniti 10,000 ni kilo 20 za klorini halisi. Ukitumia unga wenye nguvu ya asilimia 65, ni kilo 31 hivi kwa siku. Kadi ya stoo ikionyesha kilo 45 zimetoka huku mabaki ya klorini kwenye bomba la mteja yako chini ya miligramu 0.2 kwa lita, dawa haijafika kwenye maji, au imefika ikiwa dhaifu, au kuna uchafu mwingi mtandaoni unaoimaliza. Unga uliokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hupoteza nguvu, na muuzaji asiye mwaminifu huuza huo kwa bei ya mpya. Kwa hiyo msipokee dawa kwa mizani pekee. Pimeni nguvu yake mlangoni mwa stoo, kwa sampuli kutoka kwenye mapipa mliyoyachagua ninyi, si yale yaliyopangwa mbele. Mwizi wa saruji huacha jengo lenye ufa. Mwizi wa klorini huacha watoto wodini.

Sasa tuingie mitaani, kwenye dira.

Usomaji wa uongo una alama zake, na kompyuta ya ankara inaweza kuzitoa kwa mchana mmoja. Ya kwanza ni namba za mviringo: mteja anayetumia uniti 10, kisha 10, kisha 15, kisha 10, mwaka mzima. Hakuna familia inayoishi hivyo. Ya pili ni msongamano kwenye mpaka wa bei. Ikiwa bei nafuu inaishia uniti 5 na mnakuta mamia ya wateja kwenye 5 kamili na wachache mno kwenye 6 na 7, kuna mkono ulioshika kalamu. Matumizi ya kweli hushuka taratibu kama mteremko. Hayakatiki kama ukingo wa meza. Ya tatu ni dira iliyosimama ambayo kila mwezi inasomwa "makadirio" bila fomu ya kuibadilisha kuandikwa.

Anzeni na wateja 100 wakubwa, msianze na nyumba za vyumba viwili. Kwenye hoteli, viwanda, viosha magari na majengo ya ofisi ndiko pesa zilipo, na ndiko mapatano yanakofanyika. Linganisheni uniti na shughuli: idadi ya vyumba, idadi ya wafanyakazi, ukubwa wa bomba. Kagueni ukubwa wa dira pia. Dira ya milimita 50 mahali ambapo ya 25 ingetosha haioni mtiririko mdogo. Maji yanapita polepole na tarakimu zinasimama. Huenda ni kosa la usanifu, huenda ni zawadi. Tazameni mshale ulio kwenye mwili wa dira, maana dira nyingi za mitambo zikigeuzwa huhesabu kurudi nyuma, na mteja akizigeuza wiki mbili kila mwezi ankara yake hubaki ndogo bila alama yoyote ya kukata bomba. Lakiri (muhuri wa kufungia dira) yenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye mfumo, huufanya mchezo huo kuwa mgumu.

Wasoma dira wahamishwe njia kila baada ya miezi mitatu bila kutangaziwa mapema. Asilimia 5 ya dira zisomwe tena ndani ya siku mbili na mtu wa ukaguzi wa ndani. Picha ya dira yenye saa na mahali ni msaada mkubwa, ila tunasema kwa msisitizo: picha zisizotazamwa na mtu hazizuii chochote. Wekeni mtu wa kutazama 50 kwa siku, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Na msidhani wizi wote uko barabarani. Ulio safi zaidi hufanyika ofisini, katika marekebisho ya ankara. Mteja anadaiwa nyingi, anakaa na ofisa, deni linapunguzwa kwa sababu ya "kosa la usomaji", wanagawana tofauti. Aliyepokea malalamiko asiwe aliyeidhinisha punguzo, na orodha ya mapunguzo yote, ikiwa na jina la kila aliyeidhinisha, ifike kwa mkaguzi kila mwezi. Halafu kuna akaunti zilizofungwa. Katika kila wateja 100 waliokatiwa maji, tembeleeni 20. Mkikuta nguo mbichi kwenye kamba na sinki limelowa, ulizeni maji hayo yanatoka wapi.

Maunganisho mapya yanazaa kitu kidogo kwa sababu mbili: kuchelewa na kutojulikana kwa bei. Vishoka, wale mafundi wasio rasmi wanaounganisha maji kinyemela, hawaumbwi na tamaa peke yake. Wanaumbwa na dirisha la ofisi ambalo halifunguki. Bandikeni ukutani orodha ya vifaa vya muunganisho wa kawaida: klampu ya kutobolea bomba kuu, bomba la milimita 20 au 25 kwa mita zilizopimwa, vali ya kufungia, dira, kisanduku. Bandikeni bei ya kila kimoja, gharama ya kuchimba kwa mita, na idadi ya siku. Maombi yapewe namba zinazofuatana, na namba inayohudumiwa leo ionekane na kila aliye kwenye foleni. Mlipaji akijua kwamba yeye ni wa 412 na leo wako kwenye 405, hana sababu ya kumtafuta mtu wa kumpitisha mlango wa nyuma. Ada ilipwe kwa awamu, kwa maana ada kubwa ya mara moja ndiyo inayomsukuma maskini kwa kishoka. Kwa waliokwisha kujiunganishia, tangazeni msamaha wa siku 60 au 90: ajisajili, afungiwe dira, asitozwe faini. Siku ikipita, msirefushe. Msamaha wa pili humfundisha kila mtu kusubiri wa tatu.

Mgao wa maji ni jambo ambalo wakaguzi wengi hulipita, na sisi tunaona ndilo lenye uchungu mkubwa kwa mwananchi. Mtu anayeshika ufunguo wa vali ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake. Akiifunga nusu, mtaa wa mlimani unakauka na maboza, magari ya kuuza maji, yanapata soko. Vali ya geti ya milimita 150 kwa kawaida hufungwa kwa mizunguko kama 20. Andikeni kwenye daftari mizunguko ya kila vali, na anayefungua au kufunga aandike idadi na saa. Wekeni vipima presha vinavyojirekodi, kimoja mahali pa juu kabisa pa mtaa na kimoja pa chini. Ratiba ya mgao itangazwe hadharani, ili mama anayesubiri na ndoo saa kumi na mbili asubuhi awe mkaguzi wenu bila mshahara. Kwenye kituo cha kujaza maboza, hesabu ni rahisi: tiketi 60 za boza la lita 10,000 ni uniti 600, na dira ya kituo lazima iseme karibu hivyo. Mtumishi yeyote wa mamlaka ya maji, au mwenzi wake, akiwa na boza, alitangaze na aondolewe kwenye maamuzi ya mgao. Mtu hawezi kuuza kiu na wakati huohuo kushika ufunguo wa bomba.

Kwenye ujenzi fedha ni nyingi kuliko kote, na ushahidi hufukiwa ardhini kwa makusudi. Bomba la plastiki la PE100 la kipenyo cha milimita 110 la daraja la presha PN10 lina ukuta wa milimita 6.6. La PN6 lina 4.2. Kwa macho yanafanana. Kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, hayafanani. Tofauti hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya malighafi, na bomba litapasuka miaka michache baadaye, wakati mkandarasi ameshalipwa dhamana yake ya mwisho na lawama zimeshahamia kwenye "uchakavu". Pimeni ukuta wa mabomba yanaposhushwa kwenye gari, kwenye ncha zote mbili.

Mtaro wa kilomita moja, upana mita 0.6 na kina mita 1, ni mita za ujazo 600 za kuchimba. Ukichimbwa kina cha mita 0.6 ni 360. Zile 240 zinalipwa kwa karatasi. Tena mkandarasi ataandika kwamba sehemu kubwa ilikuwa mwamba, kwa kuwa bei ya mwamba huwa juu sana kuliko ya udongo. Hati ya malipo isisainiwe bila vipimo vya kina kila mita 20 na picha ya mtaro ukiwa wazi, fimbo ya kupimia ikionekana. Na jaribio la presha lifanyike mbele ya mtu asiyelipwa na mkandarasi.

Visima virefu vina ujanja wao. Mkataba unasema mita 120, kinachimbwa cha 80. Kaa hapo uhesabu fimbo za kuchimbia zikishuka: kama kila moja ni mita 3, mita 120 ni fimbo 40. Hesabu tena mabomba ya kuta za kisima, na pampu isiteremshwe kabla ya kamba yenye uzito kugusa chini mbele ya kamati. Majaribio ya kutoa maji ya saa 24 yasibadilishwe kuwa ya saa 3 eti mafuta yamekwisha. Kisima kinachotoa vizuri saa ya kwanza kinaweza kuwa kikavu saa ya kumi.

Kwenye zabuni tutasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi hapa mnazijua. Tafuteni zabuni zenye makosa yaleyale ya tahajia, zenye bei zinazopishana kwa asilimia ileile kila kipengele, mshindwa anayeibuka kuwa mkandarasi mdogo wa mshindi, na kazi moja iliyokatwa vipande vinne ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha kutangazwa. Zaidi ya yote tazameni nyongeza za kazi baada ya mkataba kusainiwa. Anayeshinda kwa bei ya chini mno mara nyingi ameshaahidiwa nyongeza.

Rushwa kubwa hupitia kwa wakala. Katika mradi wa maji wa milima ya Lesotho, mtendaji mkuu wa mamlaka ya mradi, Masupha Sole, alitiwa hatiani mwaka 2002. Fedha zilipita kwa mawakala wenye mikataba ya "uwakilishi" na kuishia kwenye akaunti za benki za Uswisi. Ni kumbukumbu za benki hizo zilizoifungua kesi. Nchi ile ndogo haikuishia kwa mpokeaji: ilizishtaki pia kampuni za kigeni zilizotoa, na kampuni ya wahandisi ya Kanada iliyotiwa hatiani ilifungiwa na Benki ya Dunia mwaka 2004 isipewe kazi kwa miaka mitatu. Basi kila mkataba mkubwa udai orodha ya mawakala wote wanaolipwa, kazi wanayofanya na kiasi, pamoja na majina ya wamiliki halisi wa kampuni. Na asiwepo anayedhani kwamba kubinafsisha ni dawa ya moja kwa moja. Huko Grenoble, Ufaransa, huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1989. Meya aliyeikabidhi alitiwa hatiani kwa rushwa katika miaka ya 1990, na mji ukairudisha huduma mikononi mwa umma.

Mfano wa kurekebisha upo Phnom Penh, Kambodia. Ek Sonn Chan alipochukua uongozi wa mamlaka ya maji mwaka 1993, asilimia 72 ya maji yalikuwa hayalipiwi. Miaka 15 baadaye ilikuwa karibu asilimia 6. Yaliyofanyika yanaeleweka: kila nyumba ilikaguliwa na orodha ya wateja kuandikwa upya, kila muunganisho ukafungwa dira, mishahara ikapandishwa, waliofanya vizuri wakatuzwa na waliohusika na wizi wakaondolewa, na wakubwa wakalipishwa kama wengine. Inajulikana kwamba mkurugenzi huyo alitishiwa kwa bunduki na mkubwa wa jeshi aliyekataa dira, na maji ya mkubwa huyo yakakatwa. Tunaamini kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichobeba vingine. Msoma dira hawezi kukataa kitu kidogo cha mwenye duka huku akijua jumba la jenerali halina dira.

Tena msimwonee mdogo. Mtafiti Robert Wade alieleza mwaka 1982 jinsi wahandisi wa umwagiliaji kusini mwa India walivyokuwa wakinunua vituo vya kazi na kisha kurudisha gharama hiyo kutoka kwa wakulima. Mtu aliyenunua kiti ana deni la kulipa kila mwezi. Ukimfukuza yeye ukaacha mnada wa viti ukiendelea, mrithi wake atakuja na deni kubwa zaidi. Uhamisho na uajiri vifuate kanuni iliyoandikwa na orodha iliyobandikwa.

Anayetoa taarifa alindwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unagusa hilo katika kifungu cha 33. Kwa vitendo maana yake ni sanduku au namba isiyofika kwa mkuu wa idara inayolalamikiwa, namba ya kumbukumbu isiyo na jina, na jibu ndani ya muda uliotajwa.

La mwisho ni ushahidi, kwa sababu kesi nyingi za dira hufia hapo. Fundi anakuta bomba la kukwepa, kwa hasira anaing'oa dira, anaitupa kwenye gari. Mahakamani hakuna wa kuthibitisha ilikuwa nyumba gani. Kabla ya kugusa chochote piga picha ya dira, lakiri, bomba na mlango wa nyumba, soma tarakimu mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao asiwe mtumishi wenu, na mteja apewe nafasi ya kusaini au kukataa kusaini. Dira ifungwe kwenye mfuko wenye lakiri mpya na ipelekwe kupimwa ikiwa hivyo. Kabati la vielelezo liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkaguzi wa ndani na mwingine kwa ofisa wa sheria, na daftari lake lifunguliwe wiki hii, kabla timu ya kwanza haijatoka kwenda kwa wale wateja 100 wakubwa.

Asanteni kwa kutusikiliza.